Askari Asiyetupiwa Kete

"Hakukimbia!"

"Alikimbia, na ripoti inasema—"

"Ripoti uliiandika wewe mwenyewe!"

"—inasema alitupa redio akakimbia, na ripoti hiyo ilipokelewa, ikasomwa, ikapigwa muhuri—"

"Hata beseni la kufulia lina muhuri chini! Hakukimbia!"

Sajini alisimama mlangoni, koti lake la mvua likichuruzika sakafuni, akawasubiri waishiwe pumzi. Hawakuishiwa. Wazee wawili walikuwa pande mbili za meza ndefu, wameinamiana kama majogoo, na katikati yao kulikuwa na mto, daraja, barabara ya vumbi na askari ishirini na tatu wa bati, kila mmoja na kimo cha pingili ya kidole.

"Nani aliyepiga simu kituoni?" Sajini aliuliza.

"Mimi." Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani. "Mke wa huyo anayepiga kelele zaidi. Karibu, mwanangu. Kumeibwa mtu."

"Mtu?"

"Shemeji yangu."

Sajini alifungua daftari. Kituoni mkuu wake alikuwa amecheka mpaka akakohoa: nenda kawakamate wanasesere, Sajini, na usisahau pingu za saizi yao. Alikuwa amekuja na lenzi tu.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kilinuka gundi, rangi na chai. Rafu zilijaa vifaru, mizinga na ndege zisizozidi kiganja. Mlangoni kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: LEO SAA NANE MCHANA, VITA VYA DARAJANI. NDUGU WA KIKOSI NA WAPENZI WA MCHEZO, KARIBUNI. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

"Mmoja mmoja," Sajini alisema. "Wewe mzee wa tepu shingoni. Jina?"

"Huku naitwa Milimita. Mpima ardhi mstaafu."

"Kimeibwa nini?"

"Mdogo wangu. Alikuwa mtu wa redio katika kikosi cha huyu bwana." Alimnyooshea kidole mwenzake bila kumtazama. "Miaka thelathini na minane iliyopita walilinda daraja hili. Mdogo wangu alifia pale. Bwana huyu akaandika kwamba alikimbia. Nimekwenda kwenye daraja lenyewe na tepu yangu, nimelipima kila nguzo, nimelijenga hapa kwa moja kwa sabini na mbili. Jana saa tisa alasiri nilifunga mlango huu na mdogo wangu yuko darajani, redio mgongoni. Leo asubuhi nafungua, namkuta huku."

Mwishoni kabisa mwa meza, barabarani, askari mmoja alikuwa anakimbia. Ameligeuzia daraja mgongo, na huo mgongo hauna redio.

"Si umrudishe tu?"

"Nimrudishe nani? Huyo si yeye! Mdogo wangu nimempaka rangi kwa mkono huu, nyusi zake nazijua. Huyo ni wa kuja."

"Sanamu ni sanamu," alisema mzee wa pili. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi likasimama, miwani imekaa sawa usoni, na alikuwa akigonga ukingo wa meza kwa kasha la miwani, to, to, to. "Mimi ni Kapteni mstaafu, mlezi wa klabu hii. Binti, nakushauri—"

"Sajini."

"Sajini. Nakushauri uandike kwamba mzee kamsogeza mwenyewe. Dhamiri imemsuta, kisha uzee umemsahaulisha."

"Dhamiri yangu haina funguo za chumba hiki," Milimita alisema. "Zipo tatu. Yangu, yako, na ya daktari."

Daktari alikuwa kwenye meza ndogo ya dirishani, miwani ya kukuzia imepandishwa kwenye paji. Alikuwa daktari wa meno, na Jumamosi aliwafundisha wanagenzi kupaka rangi. Aliposikia anatajwa alichovya brashi kwenye kikombe cha chai badala ya kile cha maji, akaikagua, akasonya. Vikombe vyote viwili vilikuwa na rangi moja.

Sajini alikagua kitasa. Hakikuwa na mkwaruzo. Akainamia daraja na lenzi. Penye ubao wa tatu kulikuwa na nukta inayong'aa, ncha ya waya uliokatwa sawasawa na mbao, na kando yake kiatu cha bati, kimoja, kimebaki kimesimama.

"Wote mnawabandika kwa waya?"

"Hakuna anayebandikwa," Milimita alisema. "Huu ni mchezo. Unatupa kete, unapima kwa futi, unamsogeza mtu wako. Kete ikikukataa, mtu wako anakufa au anarudi nyuma. Lakini huyu mmoja hatupiwi kete. Kila anayecheza meza hii anaambiwa kabla hajakaa: wote utawasogeza, huyu humgusi."

"Na leo wanakuja nani?"

Aliyejibu ni mkewe. "Wajane wa kikosi, watoto wao, wajukuu. Watu ambao miaka thelathini na minane wakituona njiani wanavuka upande wa pili. Mama mkwe wangu alizikwa na watu kumi na mmoja, mwanangu, na wanne walikuwa wachimba kaburi. Leo kwa mara ya kwanza wamekubali kuja. Wakiingia wakamkuta anakimbia, basi amekimbia milele."

"Na wakimkuta darajani," Kapteni alisema, "mimi ndiye mwongo milele. Sikuitwa hapa kukata utepe wa matusi yangu. Au barabarani, au mlango huu haufunguliwi."

"Utafunguliwa," alisema Milimita. "Ukifunga nitatoboa ukuta. Vipimo vyake ninavyo."

Sajini alimgeukia daktari. "Waya huu haukukatwa kwa koleo. Koleo lingeubana ncha."

"Ni diski." Daktari alifungua mkoba wake, akatoa kigurudumu kidogo chembamba kama ukucha. Ukingoni kilikuwa na vumbi la bati. "Hii. Na ni yangu, najua linavyosikika hilo. Mkoba naulaza hapa wiki nzima."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye mdomo wa mtu. Magego mawili, mpaka saa moja jioni. Muulize, kama anaweza kuongea." Alikirudisha kigurudumu mkobani. "Halafu afande, mimi nikitaka kumwondoa mtu simkati mguu. Namng'oa na mzizi wake."

Mke wa Milimita alicheka peke yake. Sajini akamgeukia. "Na wewe mama? Funguo ya mumeo unaijua inapolala. Meza kama hii inakula wakati wa mtu."

"Inakula? Hiyo ni mke mwenza! Miaka sita nalala na mwanamume mwenye gundi kwenye nyusi." Alinyanyuka, akaja mpaka ukingoni mwa mto. "Ila huyu mke mwenza nimemlea mimi. Unaziona nyasi? Ni sifongo zangu za vyombo, nimezisaga nikazitia rangi. Unaona magunia ya mchanga? Nimeyakanda mimi, mia mbili na arobaini, mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Ningetaka kumkomesha mume wangu ningeimwagia ndoo ya maji. Nisingemvunja shemeji mguu."

Sajini aliweka alama kwenye daftari. Kisha akahesabu askari, na akahesabu tena.

"Kikosi kilikuwa na watu wangapi?"

"Ishirini na wanne pamoja na Kapteni," Milimita alisema.

"Hapa wako ishirini na tatu pamoja na huyu wa kuja."

Milimita alivuta droo chini ya meza. Ndani, juu ya kitambaa, alilala askari mmoja wa bati tupu, hajapakwa hata tone. Kofia ya ofisa, darubini kifuani, uso hauna macho. "Wa ishirini na nne ni huyu. Nimemmimina zamani. Simpaki na simuweki. Ripoti inasema 'aliongoza mapambano'. Haisemi kutoka wapi. Mimi simsimamishi mtu mahali nisipopajua."

Kasha la miwani liliacha kugonga meza.

"Tumtazame huyu mgeni," Sajini alisema. Alimwinua yule mkimbiaji kwa kibano cha daktari, akampeleka dirishani kwenye mwanga wa mvua. Alimtazama muda mrefu. "Daktari, kwa nini amepauka? Kama aliyemwagiwa unga."

Daktari alishusha miwani yake ya kukuzia. "Vanishi ya kupuliza. Ukiipuliza hewa ikiwa na unyevu inaganda nyeupe. Humu ndani mvua ikianza tu, kopo halishikwi. Mtoto wa wiki mbili kwenye klabu anajua."

"Mvua ilianza jana saa kumi. Milimita alifunga saa tisa. Kwa hiyo alipulizwa kati ya hapo na leo asubuhi, na mtu mwenye haraka." Sajini alimgeuza kidogo. "Na hapa shingoni? Rangi ya ngozi imepanda juu ya kola."

Daktari alitazama.

"Nifundishe mimi nisiyejua," Sajini alisema.

"Tunampaka mtu kama anavyovaa asubuhi. Macho, uso, shingo. Halafu shati, halafu mkanda, mwisho kilicho juu ya mkanda. Ukikosea, shati inafunika ngozi, na hilo ni sawa, shati kazi yake ni hiyo. Huyu..." Alirudisha miwani pajini. "Huyu amevalishwa kwanza, uso akapewa mwishoni."

"Nani anapaka hivyo?"

"Wanagenzi wanakosea mambo mengi, afande."

Hakumtazama mtu, lakini macho yake yalikuwa yamekimbilia kwenye rafu ya chini. Sajini akayafuata. Pale walipangwa askari wa mazoezi, kila mmoja juu ya kizibo cha soda, namba imeandikwa kwa kalamu ubavuni. Wa kwanza alikuwa na macho ya chura. Wa pili alikuwa hana shingo. Sajini alipitisha lenzi mmoja mmoja bila haraka. Kwenye kizibo namba saba alisimama askari nadhifu, vifungo vimenyooka, mkanda umenyooka, na rangi ya kidevu imemwagikia juu ya kola.

"Namba saba ni nani?"

Daktari alikuwa anaitazama chai yake.

"Ni mimi," alisema Kapteni. "Na sioni aibu. Askari ni sare kwanza, uso baadaye. Nimewafundisha watu elfu moja kwa kanuni hiyo, sitaibadili kwa ajili ya mng'oa meno."

"Nilimwambia kila Jumamosi," daktari alinong'ona.

"Kosa la mwanagenzi si ushahidi. Wanagenzi tuko tisa!"

"Mwenye funguo ni mmoja," Sajini alisema. "Kapteni, miwani yako iko wapi?"

"Usoni. Wewe unahitaji ya kwako?"

"Basi ndani ya kasha kinalia nini? Tangu nilipoingia unagonga meza na kitu kinakujibu kutoka ndani."

"Una hati ya kunipekua?"

"Sina."

"Basi huna la kufanya."

"Sina," Sajini alikubali, akakaa kwenye kiti, akaweka daftari gotini. "Mpaka saa nane nina nafasi. Nitakaa hapa, na wewe utakaa hapo, na wageni wakija nitawaomba radhi kwamba tunasubiri hati ya kufungua kasha la miwani la mlezi. Wajane wana subira. Wamezoea."

Kapteni alimtazama. Kisha akalifungua kasha mwenyewe kwa kishindo, akaligeuza juu ya meza. Akadondoka mtu wa redio, mguu mmoja hauna kiatu.

"Haya! Nimemwondoa. Jana nilimkata, nikaweka mwingine panapostahili. Mkinipa kesho, kesho nitamwondoa tena. Sitasimama mbele ya wajane wa watu wangu nikaitwa mwongo na bati!"

Mke wa Milimita alimwokota shemeji yake, akampangusa kwa upindo wa kanga. Milimita hakumrukia mtu. Alichomoa kutoka droo ile ile kipande cha mpira cha bluu, kizito, kimegawanyika katikati. Alikifungua. Ndani mlikuwa na tundu la umbo la mtu.

"Kalibu yake. Umeiona? Bati liko, jiko liko. Muibe leo, nitammimina mwingine kabla chai haijapoa. Mvunje huyo, nitamimina mia. Nitakupangia mdogo wangu kutoka darajani mpaka kwenye zulia la mlango wako, na kila mmoja atakuwa na redio mgongoni. Umemwandika mara moja. Mimi nitammimina mpaka utakapochoka kunyanyua mguu."

"Mwendawazimu."

"Mpima ardhi."

"Bado kuna jambo moja," Sajini alisema. Alikuwa amemrudia mkimbiaji na lenzi. "Mzee Milimita, mdogo wako ulimfunga bendeji mkononi?"

"Bendeji gani?"

"Mkono wa kushoto. Utepe mweupe, umezungushwa mara tatu, na fundo kwa juu."

Milimita alichukua lenzi. "Mimi sikumfunga. Nilimpaka kutoka kwenye picha ya siku aliyoondoka nyumbani. Hakuwa na kidonda."

"Kapteni," Sajini alisema, "mtu anayeghushi hujipunguzia kazi. Wewe ulikuwa na haraka, mvua inanyesha, kopo lenyewe umelipuliza vibaya. Lakini umekaa ukachora fundo la bendeji lisilofika nusu milimita. Hakuna aliyekuomba. Ripoti yako inataja bendeji?"

"Haitaji."

"Nani alimfunga?"

Kapteni alivua miwani. Alitafuta kasha, akaliona liko wazi mezani, akabaki nayo mkononi.

"Mimi."

"Wapi?"

"Hakuwa darajani! Nimewaambia tangu asubuhi hakuwa—"

"Nimeuliza wapi."

"Kituo cha nyuma. Nilipokuwa mimi."

"Alifuata nini huko?"

"Redio yangu ilikuwa imezimwa." Alilisema kwa sauti ile ile ya kutoa amri. "Niliizima. Walikuwa wanaita. Wanaita tu, wanaita tu. Akaiacha ya kwake kwa mwenzake, akaja kwa miguu. Kwa hiyo alikimbia! Mbele ya macho yangu! Alikimbia kuja kuniita."

"Nikamfunga mkono," Kapteni aliendelea. "Akaniambia, 'Afande, twende.'"

"Mkaenda?"

"Yeye alikwenda."

Mke wa Milimita alimweka mtu wa redio juu ya daraja, kando ya kiatu chake. "Basi alikimbia mara mbili," alisema. "Kwenda na kurudi. Kuna mwenzake kikosini aliyekimbia kurudi?"

Kapteni alikuwa anaitazama barabara ya vumbi, pale inapofika ukingoni mwa meza na kukatika.

"Milimita," alisema. "Kilomita moja na nusu kwa kipimo chako ni ngapi?"

"Mita ishirini, sentimita themanini na tatu, milimita tatu." Milimita alijibu kabla hajakumbuka kwamba hasemi naye.

"Pima."

"Nipime nini?"

"Kutoka daraja. Kwa kufuata barabara."

Milimita aliivua tepu shingoni. Daktari alishika ncha juu ya ubao wa tatu. Tepu ikapita barabarani, ikapita ukingo wa meza, ikatoka mlangoni chini ya karatasi ya wino mwekundu, ikaifuata korido. Sajini alitembea nayo. Ilipofika kwenye ngazi Milimita alifoka kutoka juu, "Usiilaze kwenye ngazi! Ishike usawa, udondoshe uzi wima!" na daktari, ambaye hakuwa na uzi, alifoka kutoka chumbani kwamba atumie ule wa meno, uko mkobani.

Uzi wa meno ulidondoka kwenye kipandio cha tatu kutoka chini. Hapo mtu haoni meza wala mlango wa chumba. Anaona ndoo ya miavuli na mlango wa barabarani, karibu, na uko wazi.

Kapteni alishuka taratibu, mkono ukutani, akasimama juu ya kipandio hicho. Alikitazama kama mtu anayetazama kitanda alichowahi kulalia.

"Ni hapa," alisema.

"Kila anayepanda atapita hapo kwanza," Milimita alisema kutoka juu. Tepu ilikuwa bado imekaza mkononi mwake. "Haniambii mtu leo nimsogeze mdogo wangu. Hata wewe. Hata kwa bendeji."

"Sijasema umsogeze. Mfunge bendeji, umwache darajani. Alirudi." Kapteni alitazama saa ya mkononi. "Imebaki saa tatu na ushei. Yule wa kwenye droo."

"Yupi?"

"Asiyepakwa. Mlete, daktari ampake, mumweke hapa, kwenye kipandio hiki, kabla hawajaja." Alivaa miwani, akaiondoa tena. "Na mwambie aanze na uso."